Simu ya Mezani Ikihamia Intaneti, Pesa Zako Zisihame Nayo

Kama nyumbani kwenu au dukani bado kuna simu ya mezani, huenda tayari umeambiwa na muuzaji wa intaneti kwamba unaweza kuing'oa na kuweka simu ya intaneti. Hadanganyi. Gharama ya kupiga mara nyingi hushuka, sauti huwa safi, na ule waya wa shaba ambao wezi wameuzoea hauhitajiki tena. Mimi niko upande wa kuing'oa. Lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi, na kwetu sisi tunaoshughulika na pesa za watu kila siku ndilo kubwa zaidi. Watu hudhani nambari ni nambari tu.

Enzi za Shirika la Posta na Simu, kabla halijagawanywa mwaka wa 1999, kupata laini ya nyumbani ilikuwa kazi ya kungoja na kujuana na watu. Ukishaipata, simu inawekwa sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma, na kufuli dogo linatiwa kwenye kile kidude cha kuzungusha ili watoto na wageni wasikuletee bili. (Kufuli lenyewe halikusaidia sana. Watoto walijua kupiga kwa kugongagonga kile kitufe cha kukatia.) Nambari hiyo ilifungwa kwa nyumba. Waya ulitoka ukutani mwako mpaka kwenye kituo cha simu cha mtaa, na msimbo wa mbele ulisema uko mji gani, kama leo 020 ilivyo ya Nairobi, 041 ya Mombasa, 051 ya Nakuru na 057 ya Kisumu.

Ndiyo maana tulijifunza kuiamini. Kampuni yenye nambari ya mezani ilikuwa na ofisi, ina mlango, ina askari langoni. Tapeli hakuwa nayo. Hata sasa utasikia mtu akisema, "Wamenipigia na 020, kwa hivyo ni wao kabisa."

Si lazima wawe wao. Simu ya intaneti haina waya wa kuifunga mahali. Sauti yako inakatwa vipande vidogo vidogo, inasafiri kama data nyingine yoyote, na kuunganishwa upya upande wa pili. Nambari yenyewe inakaa kwenye akaunti, ndani ya kompyuta ya mtoa huduma. Mwenye akaunti akiifungua Nakuru, simu inalia Nakuru. Akiifungua kwenye laptopu Dubai, inalia Dubai, na anayepigiwa bado anaona 020. Isitoshe, pale ambapo mtoa huduma hakagui, mpigaji anaweza kufanya kioo cha simu yako kionyeshe nambari isiyo yake kabisa.

Kwa mfanyabiashara mwaminifu hii ni baraka. Mwenye duka la dawa ambaye nambari yake imechorwa ukutani kwa miaka ishirini anaweza kupokea simu ya mteja akiwa kwenye matatu. Lakini tapeli naye amepewa zawadi hiyo hiyo. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: nambari ya mezani haithibitishi tena kitu chochote. Mtu akikupigia na kusema anatoka kwa kampuni ya malipo, benki au sacco yako, na anataka PIN au nambari ya siri iliyoingia kwa SMS sasa hivi, kata. Usibishane naye, usimwulize jina la meneja. Kata, kisha upige wewe mwenyewe nambari ya huduma unayoijua. Na sisi hatutakuuliza PIN yako, iwe kwa 020, 07 au 01.

Upande wa pili wa shilingi unawahusu hasa wanaowapangia wazazi wao mambo. Kijana yuko mjini, amewalipia wazee waifai nyumbani, na anaona simu ya intaneti ikiwa mezani hakuna haja tena ya laini ya Mama ndani ya kabambe. Anaokoa pesa za kadi, basi. Hapo ndipo ninapokataa kabisa. Ile menyu unayoifungua kwa kubonyeza nyota na reli hupita kwenye mtandao wa simu za mkononi wenyewe, haipiti kwenye intaneti. Simu ya intaneti haiwezi kuifungua. Kile kidirisha kinachochipuka kwenye kioo kikikuomba uweke PIN kinaishi ndani ya kadi ya simu, nacho hakitatokea kwenye simu ya mezani hata uingoje hadi kesho. Ujumbe wa kuthibitisha muamala huja kwa SMS, na nambari nyingi za intaneti hazipokei SMS.

Laini ikiachwa miezi mingi bila kutumika, kampuni ya simu huifunga na baadaye humpa mtu mwingine nambari hiyo. Mtu huyo anaweza kuanza kupokea ujumbe uliokusudiwa Mama: wa sacco, wa benki, hata ile nambari ya siri ya kufungulia barua pepe. Hajaiba kitu, amenunua laini dukani kama kawaida. Kwa hivyo wekeni simu ya intaneti mkitaka, lakini kabambe ibaki na laini yake, na Mama aitumie mara kwa mara, hata kwa kununua kadi ya shilingi ishirini na kumpigia dada yake.

Sasa stima. Simu ya zamani ililetewa umeme wake na ule ule waya wa shaba, kama volti 48 hivi kutoka kwenye betri za kituo cha simu. Ndiyo maana giza lilipoingia mtaani, simu ya mezani iliendelea kulia. Simu ya intaneti inategemea ruta, na ruta inategemea soketi yako. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikosa stima kwa saa nyingi, na usiku kama huo ruta isiyo na betri ni sanduku tu. Betri ndogo ya ruta si ghali, na unapaswa kuinunua siku ile ile unayoweka simu. Ila kuna jambo ambalo muuzaji wa betri hatakwambia. Ukiwa kwenye ghorofa, faiba yako hupita kwenye kisanduku kingine huko chini au mtaani, na huenda kisanduku hicho nacho kinataka stima. Kama hakina betri, taa za ruta yako zitawaka vizuri na simu haitaenda popote. Uliza kabla ya kutia sahihi.

Stima ikipotea, au mwizi akiwa kwenye geti, unataka kupiga 999 au 112. Simu ya zamani ilijulikana inatoka nyumba gani. Simu ya intaneti, hata ikifika, inaweza kuonyesha anwani uliyoandikisha mwanzoni, si pale ulipo. WhatsApp, ambayo wengi wameshaifanya simu ya nyumbani, haipigi nambari za dharura kabisa. Hapa tena kabambe inashinda.

Na si sisi peke yetu. Uingereza wanazima mtandao wao wa zamani wa shaba na kuhamisha kila nyumba kwenye intaneti. Walipanga kumaliza Desemba 2025, wakasogeza mpaka mwisho wa Januari 2027, kwa sababu kubwa moja: wazee wanaovaa kile kitufe cha shingoni cha kuita msaada. Vitufe vingi vilijengwa kwa waya wa zamani, na ilibidi kwanza vijulikane viko kwa nani. Mdhibiti wao, Ofcom, anataka mteja anayeitegemea simu ya nyumbani apate njia ya kupiga dharura kwa angalau saa moja stima ikipotea. Kama una ndugu huko anayefanya kazi ya kutunza wazee, huenda ameshaona mafundi wakija kubadilisha.

Kuhusu sauti, usiwe na wasiwasi mwingi. Simu moja inahitaji karibu kilobiti 100 kwa sekunde kwenda na nyingine kama hizo kurudi, yaani kama MB 90 kwa saa nzima ya maongezi. Bando yako italiwa zaidi na video za watoto. Kinachoudhi ni kuchelewa kwa sauti: ikizidi milisekunde 150 kila upande, mnaanza kuingiliana maneno. Kwa hivyo muulize mtoa huduma mitambo yake iko wapi. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Afrika Mashariki ilisuasua kwa siku kadhaa. Kama mitambo iko Ulaya, simu yako kwa jirani inasafiri mpaka Ulaya na kurudi.

Ukiamua kuhama, usikate laini ya zamani siku hiyo hiyo. Nambari inaweza isihame nawe. Mpango wa kuhamisha nambari ulioanza Kenya 2011 ulikuwa wa simu za mkononi, kwa hivyo pata jibu la maandishi kama ile ya mezani itabaki yako. Acha zote mbili zikae mwezi mmoja. Katika mwezi huo pitia kila mahali ulipoiandika: shule ya watoto, hospitali, sacco, benki, bango la duka. Kama nyumba ina king'ora cha wezi, au duka lina mashine ya kadi ya zamani inayopiga kupitia waya wa simu, mwite fundi aijaribu kwenye laini mpya kabla ya ile ya zamani kukatwa.