Kabla ya Kuweka PIN, Uliza: Mita Gani?

Mkeka wa mbao umeingia karibu kila mtaa. Jina lenyewe linadanganya kidogo kwa sababu hauna mbao ndani, ni plastiki iliyochapishwa michoro ya mbao au ya vigae. Watu walianza kuutandika sebuleni, wakaingia jikoni, na sasa wamefika bafuni. Mimi pia nilifika huko, na bafu langu dogo likanifunza jambo kuhusu pesa ambalo sebule haikunifunza.

Bafu lenyewe ni mita 1.5 kwa mita 1.8. Fundi alikuja, akaangalia kwa macho, akaondoka. Baadaye akanipigia simu akiwa dukani: "Bosi, tuma pesa ya mita nne na gundi, nibebe saa hii." Akataja jumla. Nilikuwa kazini na simu iko mkononi, nikatuma kwa namba yake bila swali. Jioni nikapata kazi imeisha, na kipande kikubwa kimekunjwa kando ya mlango. Ndio nikapiga hesabu. Roli ilikuwa na upana wa mita 2, kwa hivyo mita nne za urefu ni mita 8 za mraba. Sakafu ya bafu langu ni mita 2.7 za mraba. Siwezi kusema nilidanganywa. Yeye alisema mita, mimi nikasikia mita, na hakuna aliyeuliza mita gani.

Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: pesa ya vifaa isitoke kwa simu yako kabla hujapima sakafu mwenyewe. Na kwa bafu dogo, ukishapima, kazi iliyobaki unaiweza pia.

Kupima si kazi ya kusomea. Chukua urefu na upana pale sakafu ilipo pana zaidi, kisha uongeze sentimita 5 kila upande za kukata baadaye. Kwangu, upana wa roli wa mita 2 ungetosha upande wa 1.8, na urefu wa mita 1.6 ungetosha upande wa 1.5. Hiyo ni mita 3.2 za mraba, hata nusu ya nilicholipia haifiki. Ukifika dukani uliza maswali mawili: roli ina upana gani, na bei uliyonitajia ni ya mita ya mraba au ya mita ya urefu? Kwa roli ya mita 2, mita moja ya urefu ni mita mbili za mraba. Hapo ndipo pesa hupotelea.

Kisha lipa duka lenyewe, kwa namba yao ya till. Usimtumie mtu akulipie. Jina la biashara likitokea kwenye skrini, lisome kabla ya kuthibitisha. Meseji ya malipo usiifute, na risiti ya duka idai iandikwe vipimo. Mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi daftari lako ni hiyo meseji. Ukimtumia mtu pesa kwa namba yake binafsi, meseji itaonyesha kuwa alipokea. Haitaonyesha alinunua nini, wala mita ngapi.

Wengine wataniambia nawanyima mafundi riziki. Hapana. Kama sakafu ina mashimo makubwa na inahitaji kupigwa simiti upya, au choo kinafaa kung'olewa, ita fundi na umlipe jasho lake vizuri. Ninachosema ni kwamba pesa ya mikono yake na pesa ya vifaa zisipitie mlango mmoja.

Tena kazi ya haraka ina gharama yake. Baada ya wiki chache kingo za mkeka wangu zilianza kuinuka. Sakafu ilikuwa na unyevu wakati wa kupakwa gundi. Nilipourudia mwenyewe, nilianza kwa kubandika karatasi ya nailoni kwenye simiti kwa selotepu pande zote na kuiacha siku nzima. Ukiona matone chini yake, ngoja, sakafu haijakauka. Kama ni kavu, fagia, futa mafuta, ziba mashimo madogo, kwa sababu kila kijiwe kitaonekana juu ya mkeka.

Nikafungua roli na kuiacha ikiwa imelala wazi usiku kucha ili mikunjo ilegee. Nikaunganisha magazeti ya zamani kwa selotepu hadi yakafunika sakafu yote, nikachora mzunguko wa choo, kisha nikaweka hayo magazeti juu ya mkeka na kukata kwa kufuata alama. Ukikosea gazeti, hujapoteza kitu. Nyuma ya choo nilipasua mstari mmoja tu, mkeka ukazunguka vizuri. Nikapaka gundi nusu ya sakafu, nikalaza, nikarudi nusu ya pili. Hewa nilisukuma kutoka katikati kwenda kando kwa mti wa kusukumia chapati uliofungwa kitambaa. Mwisho nikapiga silikoni kando ya kuta na kuzunguka choo, na hatukumwaga maji hapo hadi kesho yake. Magoti yaliuma, lakini ukitaka cha mvunguni sharti uiname.

Kuna mahali nitakuambia usinunue kabisa. Kama bafu lako ni lile ambalo unaoga umesimama juu ya sakafu yenyewe, na maji yanaelekea kwenye shimo la kutoa maji, acha simiti au vigae. Maji ya kila siku yatapata njia ya kuingia chini ya mkeka, na chini huko yatakaa na kunuka. Mkeka ni wa upande mkavu, pale penye choo na sinki, ambapo sehemu ya kuogea imetengwa kwa ukingo. Na kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kwanza, kwa sababu gundi haitoki kirahisi siku ya kuhama.

Kutuma pesa huchukua sekunde chache, na ikishatumika na aliyeipokea, kuirudisha ni kazi. Kwa hivyo simu ikilia na mtu akakwambia "tuma ya mita nne," jibu kwa upole kuwa unaenda kupima kwanza. Futi ya kupimia ni bei ya chini kuliko kosa langu, na kile kipande cha ziada bado kiko nyuma ya kabati.