Usiniambie Nimekosea, Nionyeshe Wapi

Wasee, tazameni hii nambari: 147,573,952,589,676,412,927. Ina tarakimu 21. Ukitaka kuipata mwenyewe, andika 2 mara 67, uzizidishe zote pamoja, kisha utoe 1.

Mwaka wa 1644, mtawa mmoja Mfaransa, Marin Mersenne, aliiweka kwenye orodha yake ya nambari tasa, yaani zile hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Nani angebishana? Kalkuleta hakukuwa. Ikapita miaka zaidi ya 230.

Mwaka wa 1876, Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba Mersenne alikosea. Lakini cheki hii maajabu: njia yake ilionyesha kwamba nambari inagawanyika bila kusema inagawanyika kwa nini. Ni kama kujua mlango unafunguka na funguo huna.

Halafu Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, akasimama Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakusema neno. Alishika chaki, akakokotoa ile nambari upande mmoja wa ubao. Upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi, watu wakapiga makofi. Alipoulizwa ilimchukua muda gani, inasemekana alijibu: Jumapili za miaka mitatu.

Sasa maoni yangu. Lucas alikuwa sahihi, hiyo siwezi kumnyima. Lakini kuifuata kazi yake lazima uwe umesoma sana. Kazi ya Cole, mtoto yeyote anayejua kuzidisha anaweza kuikagua kwa kalamu na karatasi. Kutafuta kulichukua miaka, kukagua ni kazi ya dakika chache. Huo ndio ukarimu ninaoongelea.

Mimi nikiwa Form Two niliambiwa sina kichwa cha hesabu. Daftari langu lilijaa X za kalamu nyekundu, na hakuna hata moja iliyonionyesha ni mstari gani nilipotelea. Nikakubali, nikaacha kujaribu. Kumbe hesabu ngumu hivi ilivunjwa na mtu aliyeketi nayo Jumapili baada ya Jumapili, si na mtu aliyeamka siku moja akiwa jiniasi.

Na si darasani tu. Huku mtandaoni kila mtu ana X yake nyekundu. "Uongo!" "Huyu hajui kitu!" Ukiuliza amekosea wapi, kimya. Kimya cha Cole kilikuwa na ubao mzima wa kazi. Chetu hakina kitu.

Kwa hivyo ukiniona nimekosea, niambie, sitakasirika. Lakini shika chaki kwanza. Nami daftari langu la Form Two bado ninalo, na Jumapili hii sina mpango mwingine.