Jino likiuma, picha ya gizani haimsaidii muganga

Siku hizi, iwe Katuba, Kenya au Ruashi, jino likianza kuuma watu wanatuma picha kwa WhatsApp. Kwa familia iliyofika Lubumbashi ikikimbia vita, pengine muganga wanayemwamini amebaki Goma au Bukavu, na franga za kumlipa mwingine hazipo. Kutuma picha si kosa. Shida ni picha yenyewe: imepigwa usiku, umeme wa SNEL umekatika, tochi inameta kwenye mate, jino halionekani. Muganga anabaki kukisia.

Picha nzuri haihitaji simu ya bei kubwa. Mgonjwa asukutue, aketi mlangoni mchana, uso ukielekea mwanga. Mtu mwingine anawe mikono, afute kioo cha kamera ya nyuma, avute shavu kwa mpini wa kijiko safi. Simu isigusane na mdomo. Iachwe umbali wa kiganja hivi, kisha aguse skrini pale penye jino mpaka picha itulie.

Kamera ya mbele, ya selfi, iachwe. Kwenye simu nyingi inageuza kulia kuwa kushoto, na nani anataka kung'olewa jino zima? Kwa hiyo sauti iambatane na picha: upande gani, tangu lini, homa ipo au hapana. Ikitumwa kama dokumenti, inakula mega zaidi lakini haififii. Na iende kwa muganga peke yake. Mdomo wa mtoto hauna kazi katika kundi la kanisa.

Waganga nao wana sehemu yao. Anayetaja dawa kwa picha yenye ukungu, bila kuomba nyingine, anacheza na afya ya mtu. Usaha ulio chini ya mzizi hauonekani kwa simu. Unataka radio ya hospitali, si ile ya habari.

Kuna hali moja isiyosubiri jibu: mtoto mwenye kidonda kwenye ufizi, harufu mbaya, shavu linavimba. Noma huanza hivyo, hasa kwa watoto wa miaka 2 hadi 6 wenye utapiamlo, na inaweza kula shavu kwa siku chache. OMS iliiweka kati ya magonjwa ya tropiki yaliyosahauliwa mnamo Desemba 2023. Ikiwahiwa, antibiotiki, usafi wa mdomo na chakula bora huizuia. Mtoto huyo apelekwe Sendwe au kituo cha afya cha karibu siku hiyohiyo. Picha itumwe wakiwa njiani.