Kurudi Kazini Si Kusamehe Fidia

Kuna mchezo mchafu unaendelea katika viwanda na maghala ya Dar es Salaam, kuanzia Chang'ombe na Mbagala mpaka Mikocheni na Ubungo, na wanaochezewa ni sisi vijana. Mtu anaumia kazini. Mashine imemla kidole, au gunia limemwangukia mguu ukavunjika. Anakimbizwa Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, anafungwa plasta, anapewa nauli ya bajaji na noti mbili tatu za "pole". Anakaa ndani miezi minne. Mwenye nyumba anagonga mlango, Mangi dukani amefunga daftari la mkopo. Akipata nafuu anarudi kazini anachechemea, na akithubutu kuuliza habari ya ile miezi aliyolala ndani, anajibiwa: "Si umeshapona? Sasa unadai nini?"

Jibu hilo ni la kitapeli, na linafanya kazi kwa sababu wengi wetu hatujui sheria inasema nini.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008. Mfuko wenyewe, WCF, ulianza kazi Julai 2015, yaani wakubwa walichukua miaka saba kuivaa sheria waliyoishona wenyewe. Haidhuru, sasa upo. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Kwa sekta binafsi alianza na asilimia 1 ya mishahara anayolipa, mwaka 2021 akapunguziwa ikawa 0.6, mwaka 2022 ikawa 0.5. Mfanyakazi hatakiwi kukatwa hata senti. Ukiona kwenye karatasi yako ya mshahara umekatwa hela ya fidia, ujue unaibiwa mchana kweupe.

Ukiumia ukashindwa kufanya kazi kwa muda, unastahili asilimia 70 ya kipato chako cha mwezi, kwa muda usiozidi miezi 24. Malipo hayo yanakoma unaporudi kazini, ndiyo, lakini kukoma si kufutika! Miezi uliyokaa nyumbani huku mguu umening'inia haiyeyuki kwa sababu leo umesimama getini. Ile ni hela yako iliyolala.

Tupige hesabu ya kijiweni. Kijana anapata 260,000 kwa mwezi. Asilimia 70 ni 182,000. Miezi minne ni 728,000. Alipewa "pole" ya 150,000 pamoja na mkono wa heri. Zimebaki 578,000, ambazo kwa mtu wa Tandika au Manzese ni kodi ya chumba kwa miezi mingi na ada ya mdogo wake. Hizo ndizo anazoambiwa asizitaje.

Na kuna jambo la pili linalofichwa zaidi. Kidole kilichokatika hakioti. Huo ni ulemavu wa kudumu, na una fidia yake mbali na ile ya miezi ya kukaa nyumbani. Daktari anaupima kwa asilimia. Usipozidi asilimia 30 unalipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo ni pensheni ya kila mwezi. Malipo ya kidole ni ya kidole. Kwamba umejifunza kushika koleo kwa vidole vinne vilivyobaki ni ujasiri wako, si sababu ya kunyimwa.

Waajiri wajanja wana mbinu nyingine, kuandika ajali kama ugonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu. Sasa bwana mkubwa anakupa nusu mshahara, anajigamba kwamba ana huruma, kumbe ameizika ajali ili rekodi ya kiwanda ibaki safi. Hapo ndipo cheti cha hospitali kinapokuwa mali. Hakikisha kimeandika kwamba uliumia kazini, siku gani, ukifanya nini. Usisaini karatasi ya "sina madai" kabla haijasomwa na mtu wa chama cha wafanyakazi.

Muda nao hausubiri. Mwajiri anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ya ajali ndani ya siku 7. Wewe ukiacha miezi 12 ipite bila Mfuko kujua, haki inalala mazima. Ndiyo maana wanakuzungusha, njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, meneja amesafiri. Kalenda inawafanyia kazi bure.

Wazee wetu walipata shida kubwa zaidi. Sheria ya zamani, iliyoachwa na mkoloni tangu mwaka 1949, ilifikia mahali ukomo wa fidia ya ulemavu wa kudumu ulikuwa shilingi 108,000. Mtu amepoteza mikono yote miwili, anapewa chini ya nusu ya ujira wa mwezi wa kijana wetu wa leo! Na cha kuchekesha, Wajerumani walitunga sheria ya bima ya ajali kazini kwao mwaka 1884, mwaka uleule Carl Peters alipokuwa anazunguka Usagara akiwasainisha machifu mikataba ya ulaghai. Fidia ikabaki Berlin, huku tukaletewa viboko.

Najua utaniambia wewe ni kibarua, huna mkataba, jina lako liko kwenye kidaftari cha mnyapara tu. Mwajiri asiyekuandikisha amevunja sheria yeye, si wewe. Kidaftari kile kipige picha. Meseji za kuitwa kazini usizifute, wala zile za malipo ya simu. Wenzako waliokubeba ulipoanguka ni mashahidi. Mwenye bodaboda ya hesabu ndiye namwonea huruma, maana huyo hana mwajiri mbele ya sheria, akigongwa Mbagala Rangi Tatu anabaki na Mungu na michango ya kijiwe. Hilo Bunge halijalishughulikia.

Tatizo lililobaki ni woga, na siudharau. Nje ya geti kuna vijana hamsini wanaingoja nafasi yako, na bosi anakuonyesha kwa kidole. Kwa hiyo kumwachia mtu mmoja mwenye bandeji adai peke yake ni kumtoa kafara. Waliorudi kazini na madai waende pamoja, wafuatane na TUICO au chama chochote kilichopo hapo. Na maofisa wa Mfuko nao wapunguze semina za hotelini na waajiri. Waje Chang'ombe saa kumi na moja jioni, zamu inapotoka, wasimame getini na fomu mkononi, wahesabu vidole vya wanaopita.