Fimbo, Pepo na Mtoto wa Miaka Minne



Juma lililopita mama mmoja alifika ofisini kwetu akiwa na mwanawe wa miaka minne. Ameturuhusu kulisimulia jambo lake bila kumtaja. Mtoto huyo huwapiga na kuwauma wenzake, na sasa amerudishwa nyumbani kutoka chekechea. Mama alituomba tumwombee ili pepo amtoke. Tulipouliza ni nani waliomshauri, aliwataja majirani, bibi wa mtoto na wanajumuiya kadhaa. Wote walikuwa na dawa mbili tu: fimbo na maombezi. Hakuna aliyemshauri kwenda hospitali. Tukapiga makofi nyuma ya mtoto. Hakugeuka.

Hatusemi kwamba kila mtoto mgomvi hasikii. Tunasema kwamba mtoto aliyekosa maneno husema kwa mikono na meno. Katika umri wa miaka miwili au mitatu watoto wengi husukumana na kupigana, kisha hupunguza kadiri wanavyojifunza kusema na kungoja zamu. Asipopunguza, ipo sababu ya kutafutwa: masikio, usemi, usingizi, au ugomvi wa wazazi anaoushuhudia kila usiku.

Wapo watakaotujibu kwa Mithali 13:24. Nasi tunawauliza: mbona Biblia yenu inaishia hapo? Katika Waefeso 6:4 Mtume Paulo anawakataza akina baba kuwachokoza watoto wao, na fimbo ya mchungaji katika Zaburi ya 23 ni faraja kwa kondoo. Wengine hukimbilia methali ya samaki mbichi. Methali yasema mkunje, haikusema mvunje. Anayempiga mtoto ili aache kupiga humfundisha lile lile analolikataza, kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki.

Kuhusu pepo, Kanuni ya 1172 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 haimruhusu padre kupunga pepo bila ruhusa ya wazi ya Askofu wa mahali. Mama Kanisa ana tahadhari hiyo kwa sababu anajua kwamba si kila taabu ni ya shetani. Kanisa linaloendesha hospitali na zahanati haliwezi kuhubiri kwamba kwenda kwa daktari ni upungufu wa imani.

Basi mzazi aanzie zahanati, aombe masikio na usemi wa mtoto vichunguzwe, na asiogope kumwona afisa ustawi wa jamii. Nyumbani, aushike mkono wa mtoto kabla haujapiga, aseme naye kwa maneno machache, amlaze mapema, na amsifu anapocheza vema na wenzake. Si kazi ya siku moja.

Lakini lawama yetu kubwa si kwa mama huyo. Ni kwetu sote tunaomgeukia kwa macho makali mtoto wake anapopiga kelele kwenye Misa, na kunong'ona kwamba ameshindwa kulea. Aibu hiyo ndiyo iliyomchelewesha kutafuta msaada.

Tuliwaombea wote wawili, kisha tukamwandikia barua ya kwenda kwa daktari. Atakwenda Jumatatu. Wanajumuiya waliokuwa wepesi wa kumshauri fimbo, ni nani kati yenu atakayemsindikiza?

Tumsifu Yesu Kristo.