Mashine moja, majina matatu

Iwapo umewahi kufanya kazi katika afisi yoyote ya mjini, iwe ni kibanda cha kutoa nakala kando ya stendi ya matatu au kampuni yenye orofa saba, bila shaka unaijua ile karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na mashine. Aliyeiandika aliondoka zamani. Pembe zake zimekunjika na gundi imekauka. "Washa mtambo," karatasi inaamuru. "Subiri mpaka mashine ipate moto. Kisha fungua kifaa na uingize karatasi."

Hebu jiulize, hapo kuna vitu vingapi? Mwandishi alikuwa na kimoja tu akilini, yaani mashine ya kutoa nakala. Lakini msichana aliyetoka chuoni juma lililopita, aliyetumwa hapo kwa mafunzo ya miezi mitatu, ataona vitatu. Atautafuta mtambo, ataitafuta mashine, halafu atakitafuta hicho kifaa kinachofunguliwa. Ataona haya kuuliza kwa sababu kila mtu anaonekana ana shughuli. Mwishowe atafungua mlango usiofaa kufunguliwa, karatasi zikwame, naye mkubwa wa afisi aseme vijana wa siku hizi hawajui kazi.

Kosa si la msichana. Kosa ni la insha.

Tangu shule ya msingi watoto wetu hufundishwa kwamba kurudiarudia neno ni umaskini wa lugha. Ukisema "mama" katika sentensi ya kwanza, ya pili useme "nina," na ya tatu "mzazi wangu," la sivyo kalamu nyekundu itapita hapo. Sina ugomvi na mafunzo hayo, kwani ndiyo yanayotupatia waandishi wa hadithi na watangazaji wa mpira. Shida huanza pale mwanafunzi yuleyule anapopewa kazi ya kuandika maelezo ya kutumia mashine, akaandika insha. Msomaji wa insha ameketi. Msomaji wa maelezo ya kazi amesimama, mkono mmoja umeshika mfuniko, simu inalia, na wateja watano wanamtazama mgongoni. Huyu akiona neno jipya hudhani ni kitu kipya, na ana haki kudhani hivyo.

Katika Kiswahili jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu vyombo vingi vya kazi vilitufikia kabla ya majina yake. Chukua kompyuta. Kuna wanaoiita tarakilishi, wakisikia ndani ya neno hilo tarakimu na akili. Kuna waliojaribu ngamizi. Wengine, hasa Tanzania, husema kompyuta na kuendelea na kazi yao. Simu ya mkononi ni rununu kwa mwalimu, na kipanya cha mtu mmoja ni puku cha mwenzake. Enzi za faksi, chombo hicho kilikuwa nukushi kwa huyu na kipepesi kwa yule. Hata leo afisi moja inaweza kuwa na neno la siri katika barua, nenosiri katika fomu, na nywila katika hotuba ya meneja.

Mabishano kuhusu neno lipi ni bora ni matamu, na ukitaka kuyasikia waulize walimu wawili wa Kiswahili mezani. Lakini kwa karatasi ya ukutani, neno la kawaida linalotumiwa vilevile kila mara lina faida kuliko maneno matatu mazuri. Katika makala haya mimi nitasema kompyuta mpaka mwisho. Wewe mpenzi wa tarakilishi, vumilia. (Na kama umegundua kwamba hapa tunaandika afisi, wala si ofisi, basi umeona ninachozungumzia. Si kwamba ofisi ni makosa. Ni kwamba tumechagua.)

Kuchagua huku kuna historia. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Wenye Kimvita na Kiamu walikuwa na sababu ya kunung'unika, lakini vitabu vya shule vikaanza kufuata tahajia moja. Tanzania ikaunda Baraza la Kiswahili, BAKITA, mwaka 1967. Na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa programu ya kazi za afisi kwa Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice, lilikuja swali lilelile kwa sura mpya. Kazi ya aina hiyo haiendi hatua mbili bila orodha ya istilahi. Neno lililochaguliwa kwa kuhifadhi faili katika ukurasa mmoja sharti liwe lilelile katika ukurasa wa mia.

Huenda ukasema hayo ni mambo ya wataalamu, na kwamba karatasi kukwama katika mashine hakujamuua mtu. Ni kweli. Ila ziko kazi ambazo neno moja lenye maana mbili limechangia vifo. Tarehe 27 Machi mwaka 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana katika ukungu juu ya njia ya kurukia. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mojawapo ilikuwa neno la Kiingereza la kuruka. Mwelekezi wa ndege alilitumia alipokuwa akieleza njia ya kufuata baada ya ndege kuwa hewani. Rubani wa KLM akajibu kwa maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba anasubiri pale pa kurukia, au kwamba tayari anaruka. Mwelekezi akaelewa la kwanza. Ukweli ulikuwa la pili. Baadaye ilikatwa kauli kwamba neno hilo litumiwe tu wakati wa kutoa au kufuta ruhusa yenyewe ya kuruka. Kwingineko kote husemwa kuondoka.

Marubani huzungumza, lakini mafundi wa ndege husoma. Nao pia walitungiwa lugha yao. Mashirika ya ndege ya Ulaya yalilalamika kwamba vitabu vya matengenezo vilikuwa vigumu kwa mafundi ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na mwaka 1986 ukatolewa mwongozo wa Kiingereza chepesi ambao bado unatumiwa, ingawa umefanyiwa marekebisho mengi. Orodha yake ya maneno ya kawaida haifiki elfu moja. Kila neno lina maana moja. Sentensi ya kumwelekeza fundi isizidi maneno 20. Neno lao la kufuata, kwa mfano, linaruhusiwa kumaanisha kuja nyuma ya kitu kingine tu. Ukitaka kusema fundi atii kanuni, lazima utafute neno lingine.

Lipime hilo kwa Kiswahili chetu. "Fuata" ni kutii, ni kwenda nyuma ya mtu, na pia ni kwenda kuchukua kitu. "Funga" ni zaidi. "Funga mashine saa za kazi zikiisha" inaweza kuwa kuizima, kuifunika, kuitia kufuli, au kuikaza kwa kamba kama iko juu ya lori. Nalo "pakua," ambalo nyumbani tunalijua kwa sufuria na mwiko, sasa ni kuteremsha faili kutoka mtandaoni, huku kwa mpagazi likibaki kuwa kushusha mzigo. Katika bohari yenye kompyuta, agizo la "pakua mizigo yote ya leo" linaweza kumtuma karani kwenye kibodi na vijana sita kwenye lori, wote wakiwa watiifu.

Mfano unaonitia wasiwasi kuliko yote uko mfukoni mwako. Katika Kenya neno PIN lina maana mbili zinazopingana. PIN ya Mamlaka ya Ushuru, KRA, ambayo kwa mtu binafsi huanza kwa herufi A, inapaswa kuandikwa katika fomu za mwajiri, benki na wengineo. PIN ya M-Pesa, yenye tarakimu nne, haipaswi kuonyeshwa mtu yeyote, hata yule anayejitambulisha kwa simu kuwa ametoka kwenye kampuni. Sasa kijana anaajiriwa kwa mara ya kwanza, anapewa fomu, na fomu inasema: "Andika PIN yako hapa." Aliyeonywa na mama yake asitoe PIN kwa mtu atakataa, aonekane mkaidi. Asiyeonywa ataandika tarakimu nne. Na aliyezoea kujaza PIN kila anapoombwa ndiye tapeli anayemtafuta. Je, ni kazi kubwa kuandika "nambari ya ushuru" kwa moja na "nambari ya siri" kwa nyingine? Ni maneno mawili matatu zaidi, wino wa senti.

Kisha kuna saa. Hapa Waswahili tuna utajiri ambao afisini hugeuka mtego. Sisi huhesabu saa kutoka macheo na machweo, kompyuta huhesabu kutoka usiku wa manane, na tofauti ni saa sita kamili. "Jenereta izimwe saa 2." Saa mbili zipi? Za asubuhi, ambazo kompyuta huandika 08:00? Za usiku, 20:00? Au mwandishi alikuwa akifikiri kwa Kiingereza na anamaanisha 14:00, wakati watu wanarudi kutoka kula? Zaidi ya hapo, agizo linasema nakala ya akiba ya hesabu ifanywe "saa 5 usiku." Anayeipanga kompyuta anaandika 05:00, na kazi ambayo ingefanyika 23:00 inafanyika alfajiri. Siku umeme ukipotea saa nane usiku, hesabu za siku nzima zinapotea nao.

Usiku wenyewe una utata wake. Kwa desturi ya pwani siku huanza jua likitua, kwa hivyo "usiku wa Ijumaa" kwa mlinzi aliyekulia Lamu waweza kuwa ule wa kuamkia Ijumaa, ambao karani aliyekulia bara anauita Alhamisi usiku. Wote wawili wanazungumza Kiswahili safi. Mmoja atakuja na funguo usiku ambao mwenzake hakumtarajia. Dawa yake ni kuandika tarehe, na saa ya tarakimu nne kama inavyoonekana kwenye kompyuta: Alhamisi tarehe 12, 23:00. Na mwezi uandikwe kwa jina, kwani programu nyingi za Marekani hutanguliza mwezi, na 03/04 kwao ni tarehe nne Machi.

Wanaojali pesa kuliko maneno nao wana la kusikia. Baadhi ya printa zina sehemu mbili za kubadilishwa: katriji ya tona, yaani wino wa unga, na silinda inayong'aa ambayo hudumu muda mrefu zaidi na kuuzwa peke yake. Zote mbili hutoka na kuingia kama droo. Maelezo yakiziita zote "katriji," siku moja silinda nzima nzuri itatupwa kwenye taka kwa sababu tona imekwisha. Atakayekatwa mshahara si mwandishi.

Basi afisi yako ianzie wapi? Haihitaji baraza. Inahitaji karatasi moja yenye safu tatu: neno letu, maana yake, na maneno tusiyoyatumia. Safu ya tatu ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo yenye kazi, maana hapo ndipo mtu anapoonywa kwamba "mtambo" na "kifaa" yamepigwa marufuku na ni "mashine" peke yake. Neno lililochapishwa kwenye kitufe au kwenye skrini lishinde mengine yote, hata kama ni la Kiingereza na wewe unajua tafsiri yake tamu. Mtumiaji analinganisha herufi, hapimi ladha. Mtu mmoja awe na mamlaka ya kubadilisha orodha, na kila badiliko liwe na tarehe. Kila hatua ianze na kitendo, na hatua moja isibebe vitendo vitatu.

Kwa wenye viwanda na karakana hili si hisani. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyikazi maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajika ili wawe salama. Maelezo ambayo msumeno una majina mawili yatamsaidia nani?

Ukishamaliza kuandika, mpe karatasi hiyo mtu ambaye hajawahi kuigusa mashine, tuseme mpishi wa chai au huyo msichana wa mafunzo, usimame kando bila kusema neno. Mwache asome na afanye. Akigeuka kukuuliza, "Kifaa ni kipi hapa?" usimjibu kwa mdomo. Chukua kalamu.