Ufagio wa Karani

Ndugu watumishi wa Serikali, wengi husema ya kuwa mji huwa safi kwa wingi wa fedha au wa sheria. Sivyo. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, nasi tukaikataza mwaka 2019. Lakini Kigali, Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, wakubwa kwa wadogo hushika jembe na ufagio pamoja. Nasi tarehe 9 Desemba 2015 Rais Magufuli alifagia kwa mikono yake. Lakini uchafu haungoji sikukuu. Hapa Kiloleli twamwamuru mkulima asafishe soko, nasi twatazama kivulini. Yatupasa tutangulie sisi. La sivyo, amri zetu ni taka juu ya taka.

Mwenzenu, Kiloleli.